Namna ya kupima kama halmashauri yako iko tayari kwa janga la influenza: tunavyofanya huku Kigoma

Wakuu habari za saa hizi. Hii naiandika kwa wenzangu wa timu za afya za halmashauri (CHMT), hasa huku Kigoma, na kwa yeyote ambaye siku moja ataitwa na bosi wake aambiwe fanyeni tathmini ya utayari, ripoti naitaka Ijumaa. Mi ni afisa afya, zoezi hili nimeshiriki zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza tulilifanya vibaya kabisa. Tulikaa ukumbini na dodoso la kurasa kibao tukawa tunatiki tu, mpango upo, ndiyo, timu ipo, ndiyo, dawa zipo, ndiyo, tukatoka na alama za kupendeza. Haikupita muda ikaja tetesi ya watu kuumwa kwenye kijiji kimoja cha ziwani na ikatuchukua siku tatu nzima kwa taarifa kumfikia mtu mwenye mamlaka ya kutoa gari. Siku tatu, na alama zetu nzuri ziko kwenye faili. Toka hapo siulizi tena kama kitu kipo, naomba nionyeshwe, na kama kinajaribika nakijaribu palepale na saa mkononi. Mwongozo wote huu umesimama hapo.

Kwanini influenza, na kwanini huku kwetu

Watu wengi wakisikia mafua wanaona jambo dogo, tangawizi na ndimu imeisha hiyo. Mafua ya kawaida sawa, ila influenza ni kirusi kingine, na kuna nyakati inakuja aina mpya ambayo miili ya watu haijawahi kukutana nayo, hapo ndo janga linazaliwa. Ilitokea 1918, 1957, 1968 na 2009. Ile ya 1918 inakadiriwa iliua watu kama milioni 50 duniani, na kwa Afrika ilisafiri na meli, reli na wanajeshi. Reli ya kati ilikuwa imeshafika Kigoma toka 1914. Sisi ndo mwisho wa reli na mwanzo wa ziwa, nafasi hiyo hatujaihama mpaka leo: treni inakuja toka Dar kupitia Tabora, boti zinajaa mwalo wa Kibirizi, mizigo inavuka kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, kuna Manyovu na Mabamba watu wanavuka kila siku kwenda na kurudi Burundi, alafu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu yenye watu toka 1996.

Kuna na kitu kingine wengi hawakiwazi. Hifadhi ya asili ya virusi vya influenza A ni ndege pori wa majini, na sisi tuna bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu kubwa inayotambulika kimataifa toka 2000. Sisemi ndege wetu wanaumwa, nasema afisa mifugo lazima awe mezani toka siku ya kwanza, asiitwe mambo yakishaharibika. Huko Marekani 2024 kirusi cha mafua ya ndege, H5N1, kilikutwa kwenye ng'ombe wa maziwa, kitu ambacho wengi hawakukitegemea, na wa kwanza kuhangaika na mifugo hiyo walikuwa watu wa mifugo, sio madaktari wa binadamu.

Na usijipe moyo kwamba chanjo itatuokoa mapema. 2009 kirusi kilitambuliwa mwezi wa nne, Marekani wenyewe wenye viwanda na hela walianza kuchanja mwezi wa kumi. Kwahiyo miezi ya mwanzo kinachofanya kazi ni zahanati, simu, boti na watumishi waliopo. Hicho ndo unachopima.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike vitu

Mwishoni mwa 2005 serikali ya Marekani ilizitolea idara za afya za majimbo na za mitaa orodha ndefu ya kujikagua kwa ajili ya influenza, na mtindo wa orodha umeenea sana. Orodha inasaidia kukumbuka, ila shida yake inakuvuta uhesabu vitu. Friji ipo? Ipo. Haya, inafanya kazi? Nani ana ufunguo? Jumapili je?

Kwahiyo chukua karatasi, andika kazi ambazo halmashauri lazima iweze kuzifanya siku janga likifika. Mi huwa naandika hizi: kugundua mgonjwa wa kwanza, kutoa taarifa juu, kuchukua sampuli na kuifikisha maabara, kutoa maamuzi na kuratibu, kutibu waliozidiwa, kulinda watumishi, kuongea na wananchi, kugawa dawa na chanjo zikija, na kuendelea kuzalisha akina mama na kutibu malaria wakati hayo yote yanaendelea. Hiyo ya mwisho inasahaulika kila mara na ndo inayoua kimyakimya, maana mama mwenye uchungu hasubiri janga liishe.

Hatua ya 2: Unda timu, na uwe na mgeni mmoja

Mratibu wa IDSR, yaani ufuatiliaji wa magonjwa na milipuko, ndo injini, hilo halina mjadala. Ongeza mtu wa maabara, mfamasia, muuguzi mkuu wa wilaya, afisa afya, afisa mifugo, mtu wa mipango au mhasibu, na afisa habari wa halmashauri. Mhasibu usimuache, maana nusu ya majibu ya "hatuna" mwisho wake ni "hela ipo ila utaratibu wa kuitoa unachukua wiki mbili", na anayeujua huo utaratibu ni yeye.

Alafu omba mtu mmoja toka halmashauri ya jirani. Mkoa una halmashauri 8, watu wa Kibondo waje Kakonko, wa Buhigwe waje Uvinza, mnabadilishana. Mgeni anauliza maswali ambayo nyie mnaona aibu kuulizana. Mimi nilipokuwa mgeni sehemu nilimuuliza mtunza stoo, samahani kaka, hili boksi mara ya mwisho limefunguliwa lini, wenyeji wote wakaangalia chini.

Tenga siku tano. Moja ya kujipanga na kupiga mahesabu, mbili za kuzunguka vituoni, moja ya zoezi la mezani (kuigiza janga mkiwa mmekaa, nalieleza Hatua ya 10), moja ya kuandika. Mkiambiwa mfanye kwa siku mbili punguzeni vituo, zoezi la mezani msiliguse.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo kabla hujaenda popote

Huwezi kusema vitanda vinatosha kama hujui vinatosha wangapi. Hii sio utabiri, ni makadirio ya kupangia tu.

Chukua mfano halmashauri ya watu 200,000. Kadiria robo yao wataumwa kwenye wimbi la kwanza, hao ni 50,000. Kadiria mmoja kati ya kila 100 wanaoumwa atahitaji kulazwa, unapata 500. Wimbi hilo lipe wiki 8, ila usigawanye sawasawa maana ugonjwa hauji hivyo, wiki ya kilele inaweza kubeba robo ya wote, yaani wagonjwa 125 wa kulazwa ndani ya wiki moja, juu ya wale wa malaria, wa upasuaji na watoto wenye nimonia mlionao kila siku. Weka namba za kwenu, badilisha hizo asilimia kadri mnavyoona, ila muwe na namba moja mezani mnayokubaliana, vinginevyo kila mtu atakuwa anajibu swali lake.

Na watumishi nao ni watu. Mipango ya Marekani ya 2006 ilijiandaa kwa uwezekano wa hadi asilimia 40 ya wafanyakazi kukosekana kwenye kilele, wengine wanaumwa, wengine wanauguza watoto nyumbani. Kwetu zahanati nyingi zina watumishi wawili watatu. Akiumwa mmoja umeshapoteza theluthi au nusu ya kituo. Kwahiyo kila kituo unachotembelea uliza swali hili: wewe ukiumwa kesho, nani anafungua huu mlango? Subiri jibu lenye jina la mtu, "tutaangalia" isikutoe hapo.

Hatua ya 4: Jaribio la simu

Hii kwangu ndo hatua yenye thamani kuliko zote na haina gharama zaidi ya vocha.

Kuna kipimo kinatumika sana siku hizi kinaitwa 7-1-7: mlipuko ugundulike ndani ya siku 7, utolewe taarifa ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku 7. Influenza mtu akiambukizwa anaanza kuumwa ndani ya siku 1 mpaka 4 tu, na anaweza kuambukiza wengine hata kabla hajajua anaumwa, kwahiyo hiyo siku 1 ya taarifa mi naona hata ni nyingi. Alafu kumbuka influenza ya binadamu ya aina mpya ni kati ya magonjwa manne ambayo hata akiwa mgonjwa mmoja tu nchi inatakiwa kutoa taarifa chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Taarifa hiyo ya nchi inaanzia kwa nesi wa zahanati yako.

Unafanya hivi. Chagua vituo vitano, viwili vya mbali kabisa. Kwa Uvinza usiache huko ziwani, Buhingu au Kalya, kwa Kigoma vijijini chukua Kagunga au Mwamgongo. Bila kuwaambia siku, piga simu saa tatu asubuhi, na kingine kipigie Jumapili saa kumi na mbili jioni. Jitambulishe, sema wazi kwamba hili ni jaribio, maana ukificha utaamsha taharuki kijijini na hiyo ni dhambi kubwa kwenye kazi yetu. Alafu sema: umepata watu watatu wa kaya moja, homa kali na kikohozi, mmoja anapumua kwa shida, fanya ambacho ungefanya. Andika muda. Angalia simu inachukua muda gani kutoka kwake mpaka kwa mratibu, toka kwa mratibu mpaka kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya), toka DMO mpaka kwa RMO (mganga mkuu wa mkoa).

Kwenye halmashauri moja tulichukua namba iliyobandikwa ukutani kituoni, imeandikwa kwa makapeni mekundu DHARURA MAGONJWA YA MLIPUKO, tukapiga. Ikapokelewa na mama mtu mzima.

"Shikamoo mama, hapo ni kwa mratibu wa magonjwa?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, mimi nauza dagaa hapa mwaloni. Hii namba nimesajili mwaka jana, mnanipigiaga sana nyie watu wa hospitali."

Mnanipigiaga sana. Hilo neno lilinikaa. Maana yake kuna manesi walikuwa wanapiga, wanatimiza wajibu wao, wanamkuta mama wa dagaa, wanakata tamaa. Mratibu alishahama wilaya, laini ikafungwa, kampuni ikaiuza upya, ukutani ikabaki ileile. Sasa hivi kila tukienda kituoni kitu cha kwanza naangalia ukutani kisha naipiga ile namba nikiwa nimesimama hapohapo. Hakikisha pia wanajua 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, inasaidia mwananchi wa kawaida pia.

Ukimaliza simu muulize mtoa huduma tafsiri ya mgonjwa anayeshukiwa. Anachotakiwa kujua ni kifupi tu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, imeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Akihitaji kulazwa, hiyo inaitwa maambukizi makali ya njia ya hewa na inapewa uzito mwingine. Kama hajui usimgombeze, andika. Mara nyingi yule aliyeenda semina ndo aliyehamishwa.

Hatua ya 5: Fuata njia ya sampuli kwa miguu yako

Usiulize "mnaweza kutuma sampuli?" Chukua kopo tupu, lipe jina la sampuli ya mfano, na lifuate toka kituoni mpaka linapotoka mkoani.

Anza na vifaa. Kuchukua sampuli ya influenza unahitaji swabu ya puani na kooni, na chupa ya VTM, yale maji ya rangi ya pinki ya kuhifadhia kirusi. Omba uone. Mi nimewahi kufunguliwa kabati nikaonyeshwa kwa fahari kabisa boksi la VTM, nikalitoa kwenye mwanga wa dirisha, nusu ya chupa zilikuwa zimeshageuka njano. Hiyo ni dalili yameharibika. Tarehe ilikuwa imepita pia. Kwenye leja zinasomeka zipo. Soma tarehe, angalia rangi, hesabu zile nzima tu.

Kisha baridi. Sampuli inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8 na ifike maabara ndani ya saa 72, ikizidi hapo lazima igandishwe kwenye nyuzi hasi 70, kitu ambacho huko vijijini sahau. Kwahiyo saa 72 ndo bajeti yako yote ya muda. Igawe. Toka Kalya boti inatoka lini? Boti ya abiria inaangalia upepo na idadi ya watu, haikuangalii wewe. Ikifika Kigoma mjini nani anaipokea, anakuja na nini, pikipiki au anasubiri gari? Kama inaenda maabara ya taifa Dar, kuna ndege siku hiyo au inapanda basi, maana kwa reli tu ni zaidi ya kilomita 1,200? Na makaratasi yake amejaza nani? Barafu za kubebea zinatoka friji gani, ile ya chanjo? Mtu wa chanjo anajua?

Tulipofanya hivi kwa kituo kimoja cha ziwani tukagundua safari yenyewe inawezekana kabisa ndani ya saa 72, kilichokuwa kinakula muda ni kumsubiri mtu mmoja asaini fomu, naye alikuwa kwenye kikao. Hakuna dodoso lingetuambia hivyo.

Angalia pia ufungaji wa tabaka tatu: chupa yenyewe, ndani ya kopo lisilovuja lenye kitu cha kunyonya maji, ndani ya boksi gumu la nje. Mwambie mtu wa maabara afunge mbele yako. Dakika tano tu.

Hatua ya 6: Oksijeni, na hesabu yake

Mgonjwa wa influenza aliyezidiwa anakufa kwa kukosa hewa, kwahiyo swali la matibabu kwa sehemu kubwa ni swali la oksijeni.

Silinda kubwa ya lita 6,800 ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika inaisha baada ya saa 11 hivi. Wagonjwa watano wa namna hiyo kwa masaa 24 wanakula lita 72,000, yaani karibu silinda 11 kwa siku. Sasa nenda wodini uhesabu. Silinda zilizojaa ni ngapi? Usiangalie rangi ya mtungi, fungua uangalie geji. Regyuleta ngapi zinafanya kazi? Mitungi mitupu inaenda kujazwa wapi na inarudi baada ya siku ngapi? Mashine za kuchuja oksijeni toka hewani ni nzuri ila zinakula umeme, kwahiyo waambie wawashe jenereta, na uombe kuona mafuta. Mafuta kwenye leja na mafuta kwenye tenki ni mambo mawili tofauti.

Alafu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kidogo, bei yake sio kubwa, na zahanati ambayo haina hicho itampa rufaa mgonjwa akiwa ameshachelewa. Hesabu vituo vyenye nacho na betri zake.

Dawa ya virusi, oseltamivi, ni vizuri kujua inapatikana wapi na nani anaamua apewe nani, maana inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 za mwanzo wa dalili. Ikiwa ziko chache, waliotangulia kwenye foleni ni waliolazwa, wajawazito, na wenye magonjwa mengine. 2009 wajawazito waliumia sana, kwahiyo kliniki ya wajawazito iwe kwenye mpango wenu kwa jina.

Hatua ya 7: Stoo

Hapa sitakaa sana. Barakoa, glavu, gauni, sabuni, klorini. Usiandike "zipo", andika zitatosha siku ngapi. Mfano wodi ya kutenga yenye watu 12 kwa masaa 24, wauguzi, daktari, msafishaji, kila mmoja barakoa 2, hizo ni 24 kwa siku, 720 kwa mwezi. Msafishaji msimtoe kwenye hesabu, yeye ndo anashika kila kitu. Uliza MSD, bohari ya dawa ya serikali, ikikosa mnachukua kwa mshitiri gani, yaani muuzaji binafsi mliyeingia naye mkataba, na mara ya mwisho mzigo ulichukua siku ngapi toka oda mpaka kushushwa. Tarehe ziko kwenye makaratasi, zisome mwenyewe.

Hatua ya 8: Mialo, mpaka, magulio

Mei 2015 maelfu ya wakimbizi toka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikalipuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Waliokuwepo wanajua jinsi mahali padogo panavyoweza kujaa kwa siku chache. Na Marburg, ugonjwa wa kirusi unaofanana na ebola, tumeiona jirani kabisa, Kagera 2023, kisha Biharamulo Januari 2025, ambapo toka Kakonko sio mbali.

Kwahiyo nenda Kibirizi asubuhi boti zikishusha, kaa lisaa. Hesabu watu wanaopita na wanaoangaliwa na mtu wa afya. Nenda Manyovu, ongea na watu wa afya mpakani, uliza wana namba ya simu ya mwenzao wa upande wa pili, waipige. Kuna na njia za panya, kila mtu anazijua, hakuna haja ya kujifanya hazipo, waulize viongozi wa vitongoji ni ngapi na siku za gulio zinapitisha watu wangapi. Kipima joto mpakani peke yake hakitazuia influenza, mtu anapita leo mzima kesho anaanza kukohoa, kazi kubwa ya pale ni kutoa elimu na kupata taarifa mapema.

Kambini nenda na watu wa mashirika wanaotoa huduma humo, mpatane mapema nani anampigia nani.

Hatua ya 9: Watu wataamini nani

Mgonjwa wa mafua wa Kigoma hakimbilii hospitali. Anaenda duka la dawa muhimu, ananunua vidonge viwili vitatu, anarudi kulala. Kwahiyo muuza duka la dawa ndo anaona janga siku kadhaa kabla ya daktari. Tembelea maduka matatu, uliza: wiki hii dawa za kikohozi zimetokaje ukilinganisha na wiki iliyopita? Kama anaweza kujibu, muunganishe na mratibu wa IDSR. Hivyo hivyo walimu, utoro ukipanda ghafla darasani ni taarifa, na waganga wa tiba asili, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kisha mpime afisa habari. Mpe nusu saa aandike tangazo la redio la dakika moja kuhusu ugonjwa mpya wa mafua, kwa Kiswahili ambacho bibi wa Heru Juu ataelewa, na mtu alisome kwa Kiha pia. Mkimaliza msomeeni mtu yeyote aliyeko nje, mlinzi, mama lishe, muulize ameelewa afanye nini. Mara ya kwanza tangazo letu lilikuwa na maneno "hatua za kinga na udhibiti zinaendelea kuimarishwa", mama lishe akauliza kwa upole kabisa, sasa mwanangu mimi nifanyeje? Tukaandika upya: ukikohoa funika kwa kiwiko, ukiumwa kaa nyumbani, mtoto akihema haraka au mjamzito akipata homa nenda kituoni leo leo.

Hatua ya 10: Zoezi la mezani

Kaeni kwenye meza moja, DMO awepo yeye mwenyewe, na mtu wa ofisi ya mkurugenzi. Mwendeshaji anasoma tukio, watu wanasema wanafanya nini, sio "tungeweza", ila "napiga simu namba hii", na anaitoa simu anaonyesha namba.

Jumatatu: nesi wa ziwani anaripoti watu watatu kaya moja, mmoja mjamzito. Jumatano: wagonjwa kumi na moja, mwalimu mmoja kati yao, na kijana wa kaya ileile ameshapanda treni ya Tabora. Alhamisi: DMO yuko Dodoma kwenye kikao, simu haipatikani, nani anaamua? Ijumaa: kesho ni gulio, mwenyekiti wa kijiji anauliza afunge au asifunge, na mkuu wa wilaya anataka jibu ndani ya saa moja. Jumamosi: manesi wawili wa wodi ya kutenga wanaumwa, umeme umekatika, na kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka sauti ya mtu anasema serikali inaficha vifo. Jumatatu ya pili: mama mwenye uchungu na kikohozi amefika saa nane usiku, chumba gani cha kuzalia?

Kaa kimya, andika sehemu watu wanapoangaliana. Huo ukimya wa sekunde kumi ndo matokeo ya tathmini yako. Kwetu ulitokea pale pa DMO kuwa safarini, hakuna aliyekuwa na barua ya kukaimu inayomruhusu kutoa gari na mafuta. Barua iliandikwa kesho yake.

Hatua ya 11: Alama na ripoti

Kila kazi ipe alama 0 mpaka 3. 0 hakuna. 1 tumeambiwa au ipo kwenye karatasi. 2 tumeiona kwa macho. 3 tumeijaribu ikafanya kazi ndani ya muda. Usitafute wastani, nakuomba. Sampuli ikikwama Buhingu, alama 3 za redio hazitaifikisha Dar. Ripoti ianze na zile 0 na 1.

Iwe kurasa mbili, sio hamsini. Kila pengo liwe na jina la cheo kinachohusika, tarehe, na bei. Yagawe mafungu mawili: yasiyohitaji hela, kama namba za simu, barua za kukaimu, tangazo, funguo za ziada, hayo yaishe ndani ya wiki mbili, na yanayohitaji hela, hayo yaingie kwenye CCHP, mpango wa afya wa halmashauri wa mwaka, kabla bajeti haijafungwa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai na ukikosa dirisha hilo unasubiri mwaka mzima. Rudisha majibu na kwa vituo ulivyotembelea, yule nesi wa ziwani uliyempigia Jumapili jioni ana haki ya kujua kimebadilika nini.

Miezi sita ikipita usiitishe kikao kingine. Chukua simu, piga ile namba ya ukutani, sikiliza nani anapokea.